Barua Haikutaja Hijabu: Mwanafunzi, Sare na Haki ya Kusema

Kila Januari shule zinapofunguliwa, na kila Julai baada ya likizo, huku kwetu Mpanda huzuka minong'ono ileile misikitini baada ya swala. Binti wa fulani karudishwa nyumbani. Kisa? Hijabu. Mwezi ukipita jambo linatulia, mtoto anavaa alivyoamriwa au anahamishwa shule, na sisi wazazi tunasubiri Januari nyingine tulalamike tena. Katika makala haya sikusudii kulalamika. Nakusudia tusome. Wengi wetu, pamoja na elimu zetu na nafasi zetu mjini, hatujui haki ya mtoto ndani ya uzio wa shule ya serikali inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa kutojua huko tunagombana pasipo na ugomvi, na tunanyamaza palipo na dhulma.

Tumezoea kuuliza swali la nguo: je, serikali inaruhusu hijabu shuleni au hairuhusu? Swali hilo kwa sehemu kubwa lilikwishajibiwa. Tangu miaka ya 1990, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya Waislamu, wizara yenye dhamana ya elimu iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu katika shule za serikali kuvaa hijabu inayoendana na sare ya shule, na leo ukipita asubuhi barabara za Kashaulili au Makanyagio utawaona wenyewe kwa macho yako. Swali lililobaki, na ndilo gumu, ni la mdomo. Mtoto akiona haki yake inapunguzwa, anaruhusiwa kusema?

Nieleze kwanza ninachokusudia kwa kusema, maana neno hili likitajwa tu baadhi ya wazee wetu huona picha ya mtoto anayemtukana mwalimu. La hasha. Kusema hapa ni kuuliza, kuomba maelezo, kumwandikia barua mkuu wa shule, kukataa kutamka jambo ambalo imani yako inakukataza kulitamka, na hata kunyamaza. Vazi nalo ni kauli. Binti aliyevaa hijabu hajafungua kinywa, lakini kila anayemuona amekwisha kuambiwa huyu ni nani na anamtii nani. Ndiyo maana penye ugomvi wa vazi shuleni, ukichimba kidogo utaukuta ugomvi wa kauli umelala chini yake.

Nitoe mfano wa karibu. Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja hapa mjini alinijia baada ya swala ya Isha akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua kutoka shule ya kata anayosoma bintiye, kidato cha pili. Shule yenyewe sitaitaja, haina haja. Barua ilisema binti amesimamishwa masomo kwa wiki mbili kwa utovu wa nidhamu, kwamba amemjibu mwalimu mbele ya wanafunzi wenzake. Nikamuuliza baba, alijibu nini? Hajui. Akaitwa mwenyewe, akaamkia, akakaa mkekani, akaeleza.

Mwalimu wa zamu alimtoa mstarini akamwambia hijabu yake, iliyokuwa inafika kiunoni, aipunguze iishie mabegani ili nembo ya shule kwenye shati ionekane. Binti akasema, "Samahani mwalimu, naomba nionyeshwe waraka unaokataza." Basi, hayo tu. Wanafunzi wa nyuma wakaguna na kucheka, mwalimu akaona amedhalilishwa, na kufikia saa nne asubuhi barua imekwisha kuchapwa.

Tazama, ndugu msomaji: barua ile haikuwa na neno hijabu hata mara moja. Jirani yangu alikuwa tayari kwenda shuleni na Qur'an mkononi, afungue Surat An-Nur, amthibitishie mkuu wa shule kwamba stara ni faradhi. Angepoteza nauli yake. Mkuu angemjibu kwa upole kabisa: mzee, hapa hatukatazi hijabu, tumemwadhibu kwa kumjibu mwalimu. Na kwa mujibu wa karatasi aliyonayo mezani, angekuwa mkweli. Nimekuwa nikifuatilia visa vya namna hii kwa muda sasa, kwa kuwa nafundisha madrasa siku za mapumziko na watoto hunieleza mambo. Ni nadra sana kukuta binti ameadhibiwa kwa maandishi kwa sababu ya hijabu. Anaadhibiwa kwa "ukaidi", kwa "kiburi", kwa "kugoma", kwa "kumjibu mwalimu". Nguo ndiyo huanzisha, lakini adhabu huangukia ulimi.

Tulikwenda shuleni watatu: baba, mama, na mimi kama mwalimu wake wa dini. Mkuu wa shule yule, Mkristo na mtu muungwana, alitusikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba hakuna kanuni ya maandishi pale shuleni inayotaja urefu wa hijabu. Mama wa mtoto, ambaye alikuwa kimya muda wote, ndiye aliyetoa suluhisho: nembo ya shule ishonwe kwenye hijabu yenyewe. Likakubaliwa, na binti akarudi darasani siku ya sita. Alitakiwa aandike barua ya kuomba radhi. Akaandika kwamba anaomba radhi kwa kuuliza swali lake mstarini badala ya kulipeleka ofisini. Kwa swali lenyewe hakuomba radhi. Mwalimu wa nidhamu alitaka iandikwe upya, mkuu akasema inatosha. Kwa maoni yangu msichana yule wa kidato cha pili alipambanua jambo ambalo wazee wengi wenye elimu yao hawalipambanui: adabu ya kusema ni kitu kimoja, na haki ya kusema ni kitu kingine.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam akaona nakuza jambo dogo la siku sita. Nimwombe atazame tulipo. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na miaka michache baadaye, katika uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16, tuliongoza nchi kwa jambo la kusikitisha: kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Namba hizo ni za miaka ile, lakini zinatueleza nini maana ya msichana kukaa nyumbani wakati wenzake wako darasani. Wiki mbili za kusimamishwa masomo, huku kwetu, hazitumiki kujisomea. Msichana hupelekwa shamba la mpunga, au hukalishwa kwenye genge, au hukutana na kijana mwenye bodaboda na fedha ya machimbo mfukoni. Wengine hawarudi. Mkuu wa shule anayemrudisha binti nyumbani kwa ajili ya kipande cha kitambaa anacheza kamari. Na baba anayemzuia binti yake nyumbani miezi mitatu akisema harudi mpaka haki ya Waislamu ipatikane, naye anacheza kamari ileile, tena kwa mtaji wa mtoto.

Ifahamike pia kwamba shule zetu hazikushuka kutoka mbinguni jana. Kule Karema, ufukweni mwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikashikwa na Mapadri Weupe. Kwa miongo mingi elimu ya shule katika upande huu wa nchi ilikuwa mikononi mwa misheni, hadi sheria ya mwaka 1969 ilipoziweka shule za namna hiyo chini ya serikali. Majengo yalibadilisha mwenyewe, mazoea hayakubadilika siku ile ile. Mji wa Mpanda nao ulikua kwa madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua iliyofika hapa mnamo mwaka 1950, ikaleta watu wa Tabora, Ujiji na kwingineko, Waislamu wengi miongoni mwao. Leo ukiingia darasa la kidato cha kwanza unakuta Mpimbwe, Mbende, Mfipa, Msukuma, Mha, Mmanyema, na mtoto wa Katumba au Mishamo ambaye babu yake alikuja mkimbizi kutoka Burundi. Mkatoliki, Mmoraviani, Mpentekoste, Muislamu na Shahidi wa Yehova wanakaa dawati moja. Katika mchanganyiko huo mimi naipenda sare. Sare inamficha mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua wa tumbaku wasijulikane kwa mavazi, na hilo ni jambo la heri. Asije mtu akanisoma vibaya.

Sasa tuingie kwenye sheria, na hapa naomba subira kidogo.

Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ibara zote mbili hazisemi kila mtu mzima, zinasema kila mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaliweka wazi zaidi: kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto kwa misingi kadhaa, dini ikiwemo, na kifungu cha 11 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, wenye maneno ya namna hiyo hiyo.

Haki hizi zina mipaka. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea mipaka kwa ajili ya haki za wengine, usalama, maadili na manufaa ya umma. Lakini angalia neno: sheria. Hasira ya mwalimu wa zamu si sheria, wala mazoea ya shule si sheria. Anayezuia ndiye anayetakiwa kuonyesha amezuia kwa mamlaka gani. Kwa hiyo binti wa jirani yangu alipouliza waraka uko wapi, aliuliza swali ambalo hata jaji angeanza nalo.

Upande wa adhabu kuna Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zinazohusu kufukuza na kuondoa wanafunzi shuleni. Mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu wa makusudi au wa kurudia-rudia unaohatarisha nidhamu ya shule au jina zuri la shule. Maneno hayo mawili ya mwisho, jina zuri, ndiyo mlango ambao kauli nyingi hutupwa nje kwao. Mwanafunzi akiandika kwamba vyoo havina maji, ameharibu jina zuri. Akilalamika kwamba wamenyimwa muda wa swala ya Ijumaa, ameharibu jina zuri. Mzazi asome sentensi nzima: inahitaji ukaidi wa makusudi au wa kurudia-rudia, na hatari kwa nidhamu. Swali moja lililoulizwa kwa heshima halifiki huko. Na kuna kanuni nyingine za mwaka huohuo 2002 kuhusu viboko, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Ni wazazi wangapi wamewahi kuuliza kitabu hicho kiko wapi?

Kesi iliyo muhimu kuliko zote kwa somo letu haikufunguliwa na Waislamu. Ilifunguliwa na wanafunzi 127 wa dhehebu la Mashahidi wa Yehova, waliosoma shule za sekondari za serikali katika ukanda wetu huu wa kusini magharibi. Imani yao inawazuia kuimba wimbo wowote wa taifa. Hawakupiga kelele wala hawakuwazuia wenzao kuimba. Walisimama, wakanyamaza. Wakasimamishwa masomo, na baadhi wakafukuzwa. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2010. Wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani, iliyokaa Mbeya, ikatengua hukumu ile na kuwapa haki yao: hawakustahili kuadhibiwa kwa kutoimba jambo ambalo dhamiri yao inawakataza.

Nakumbuka habari ile ilivyopokelewa. Nilisikia watu wetu wakisema hao wazushi wanatuhusu nini, wasioheshimu hata taifa. Walikuwa hawajafikiri. Kama mahakama ingesema mtoto anaweza kufukuzwa shule ya serikali kwa kunyamaza kwa ajili ya imani yake, ni kitu gani kingebaki cha kumtetea binti wa Kiislamu anayefunika kichwa kwa ajili ya imani yake? Mlango ni mmoja. Ukifungwa kwa wale 127, umefungwa kwetu pia. Na sisi tulioukuta wazi tunapita bila hata kuuliza nani aliyeusukuma. Wenzetu hawa waliutafuta kwa miaka. Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili peke yake kulipita muda ambao mtoto wa kidato cha pili angekuwa amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Jambo hili lina mfano wake Marekani, na nautaja kwa sababu unafanana na wa kwetu kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba watoto wa Mashahidi wa Yehova wanaweza kulazimishwa kusalimu bendera shuleni. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1943, mahakama hiyohiyo ikageuka na kusema hapana, hakuna afisa anayeweza kumlazimisha mtoto kutamka asichokiamini. Nchi ilikuwa katikati ya vita kuu wakati huo. Mwaka 1969 ikaja kesi ya watoto wa mji wa Des Moines, akiwemo Mary Beth Tinker aliyekuwa na miaka 13, waliovaa vitambaa vyeusi mkononi Desemba 1965 kuomboleza waliokufa Vietnam. Shule ikawarudisha nyumbani. Mahakama kwa kura saba dhidi ya mbili ikasema mwanafunzi haachi haki zake za kikatiba getini, isipokuwa kauli yake ikivuruga masomo kwa kiasi kikubwa au ikiingilia haki za wengine. Kitambaa cha mkononi, yaani vazi, kikahesabiwa kuwa ni kauli. Halafu Oktoba 2003, katika mji wa Muskogee, Oklahoma, binti wa Kiislamu wa miaka 11 akasimamishwa shule kwa hijabu. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, ambayo majeshi yake yalikuwa Iraq wakati huohuo, ikaingia kesini upande wa yule binti, na Mei 2004 shule ikakubali kubadilisha kanuni yake ya mavazi. Watoto wa Mashahidi, kisha watoto wa vitambaa vyeusi, kisha binti wa Kiislamu. Kila mmoja alisimama juu ya ngazi iliyopigiliwa na mwingine asiyefanana naye.

Mambo si mepesi hivyo kila mahali. Ufaransa, kwa sheria ya Machi 15, 2004, ilipiga marufuku alama za wazi za dini katika shule za serikali, na mwaka 2023 ikaongeza abaya. Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine: mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilimpa haki msichana wa Durban mwenye asili ya Kihindi aliyevaa kipini puani kwa mila na dini yake, ikasema shule ilipaswa kumpa nafasi. Na Nigeria, Juni 2022, Mahakama ya Juu iliruhusu hijabu katika shule za serikali za Lagos.

Kenya ndiyo yenye funzo chungu zaidi kwetu. Katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambayo ni shule ya umma iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, mwaka 2014 aliyekuwa naibu gavana wa kaunti, Mohamed Guleid, aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe. Kanisa likaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikalipa kanisa ushindi. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikawapa Waislamu haki, furaha ikatanda hadi Mombasa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo. Kwa nini? Si kwa sababu majaji walisema hijabu haina nafasi shuleni. Walisema dai la upande wa Waislamu halikuwasilishwa kwa utaratibu. Lilikuwa limewekwa ndani ya hati ya kiapo ya kujibu, badala ya kuletwa kama ombi kamili linalosimama peke yake. Jaji mmoja, Ojwang, alitofautiana na wenzake. Miaka mitano ya jasho ikaishia kwenye suala la karatasi. Sisi ambao hata barua ya kumsimamisha mtoto tunaikunja na kuifungia vitumbua, tuna la kujifunza hapo.

Nirudi kwa walimu, maana kuna watakaosema nimewasahau. Mwalimu wa shule ya kata mwenye wanafunzi themanini darasani hawezi kufundisha ikiwa kila amri inajadiliwa. Hilo ni kweli na sheria inalitambua. Hata ile mahakama ya Marekani, mwaka 1986, ilikubali shule imwadhibu mwanafunzi aliyetoa hotuba ya matusi ya chinichini mbele ya wenzake. Kutukana, kuchochea fujo, kuchoma bweni, kumzushia mwalimu uongo, hakuna hata kimoja kinachoitwa uhuru wa maoni. Na mstarini saa moja na nusu asubuhi si mahali pa mjadala wa waraka. Lakini mwalimu naye ana wajibu wake. Asiyetaka kuulizwa mstarini aweke mahali pengine pa kuuliza: sanduku la maoni linalofunguliwa kweli, baraza la wanafunzi linaloandikiwa kumbukumbu, mwalimu wa malezi mwenye masikio. Shule nyingi zina sanduku la maoni lililoota kutu kwenye kufuli.

Na dini yetu inasemaje kuhusu mtoto kusema? Wanazuoni wamesimulia kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipopita penye watoto wanacheza. Wote wakakimbia kwa haiba yake, akabaki mmoja, Abdullah bin Zubayr. Umar akamuuliza kwa nini hukukimbia na wenzako. Mtoto akamjibu kwamba hakuwa na kosa hata amwogope, wala njia haikuwa finyu hata ampishe. Amirul Muuminina, aliyeogopwa na wafalme, hakumwandikia barua ya utovu wa nidhamu. Umar huyohuyo alikuwa akimkalisha kijana Ibn Abbas pamoja na wazee wa Badr na kumtaka aseme. Nauliza bila kumlenga mtu: katika madrasa zetu hapa Mpanda, mtoto akimuuliza ustadhi dalili ya jambo, anajibiwa kwa dalili au kwa bakora? Hatuwezi kudai shuleni kile tunachokivunja uani kwetu.

Lipo na jingine ambalo halipendezi kusemwa. Haki ya kuvaa hijabu ni ya binti, si ya baba. Nimekutana na mabinti ambao mgogoro wao na shule ulikuwa wa baba zao kuanzia mwanzo hadi mwisho, wao wakitumwa kama barua. Kifungu cha 11 kinasema mtoto asikilizwe, na kumsikiliza kunaanzia nyumbani. Tumfundishe, tumweleze faradhi ya stara, tumlee juu yake. Lakini akisimama mbele ya mkuu wa shule awe anasema yaliyo moyoni mwake, kwani akiulizwa maswali mawili tu itajulikana. Vilevile tuwe na mizani moja. Unguja na Pemba, ambako mtandio ni sehemu ya sare katika shule za serikali, msichana wa Kikristo anayeomba asiufunge anaomba kitu kilekile anachokiomba binti yetu hapa Katavi, na anastahili kusikilizwa vilevile.

Sasa yatupasa tufanye nini yakitufika? Kwanza, mtoto asikae nyumbani siku hata moja zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye barua. Kama amerudishwa kwa maneno tu, bila barua, mrudishe kesho yake asubuhi ukiwa naye na uombe barua. Barua ikija, soma kosa lililoandikwa, si lile ulilosimuliwa, na ujibu hilo. Kama limeandikwa kujibu mwalimu, jibu la kujibu mwalimu ndilo linalohitajika: alisema nini neno kwa neno, nani alisikia, lilivuruga nini. Mwache mtoto aandike maelezo yake mwenyewe kwa mkono wake siku hiyohiyo kabla watu wazima hawajayapamba. Anza kwa mkuu wa shule, ukikwama nenda bodi ya shule, kwani kumfukuza mtoto kabisa si uamuzi wa mtu mmoja, kisha afisa elimu sekondari wa halmashauri yako, iwe Manispaa, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika, na juu yake mkoa. Kila unapokwenda acha nakala na ugongewe muhuri wa kupokelewa. Mahakama iwe ya mwisho. Ipo Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya mwaka 1994 inayoeleza namna ya kuifikia Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi mashauri ya Katavi yamekuwa yakipanda Sumbawanga. Huko nenda na wakili, ukikumbuka yaliyowapata ndugu zetu wa Isiolo. Na kama binti amekwisha kuacha shule kwa mgogoro wa namna hii, waraka wa serikali wa mwaka 2021 uliofungua mlango wa kurejea masomoni hauwahusu waliopata ujauzito peke yao; unawataja pia waliokatisha masomo kwa sababu nyingine. Muulize afisa elimu.

Lililo rahisi kuliko yote ni kuwahi. Fomu za kujiunga na kidato cha kwanza hufika mikononi mwetu kabla shule hazijafunguliwa, na ndani yake kuna kipengele cha sare ambacho fundi cherehani hukisoma kuliko baba. Tukisome kabla ya kununua kitambaa. Atakayekuta kipengele kinachokataza hijabu, au kinachosema mwanafunzi haruhusiwi kuhoji jambo lolote, apige nakala, aandike tarehe aliyoipokea, aipeleke kwa afisa elimu mwezi Desemba. Januari mkuu wa shule ana wanafunzi wapya mia mbili mlangoni, madawati hayatoshi, na hana muda wa kumsikiliza mtu.